Mtani Ndani ya Kisima

Mwanafunzi akitoka kisimani kwa mara ya kwanza, hakuna anayemuuliza ameona nini. Hupewa kikombe cha uji wa ulezi, huachwa akae kwenye benchi la nje akiitazama misonobari, na wenzake hupita mbali kidogo, tena kwa kunyata, kana kwamba kuna mtoto mchanga aliyelala pale. Ndiyo desturi ya Idara ya Saikolojia katika Chuo Kikuu cha Nyanda za Juu, na haijaandikwa popote. Skolastika Luambano aliijua tangu mwaka wa kwanza, alipokuwa akiwaona waliomtangulia wameketi na vikombe vyao, machozi yanawatiririka na huku wanatabasamu. Aliwaonea wivu mpaka akajishangaa. Sasa zamu yake ilikuwa imewadia.

Kisima chenyewe ukikiona huwezi kukipa heshima. Ni vitanda viwili vilivyolazwa sambamba, kofia mbili za nyuzi nyembamba, na kiti cha mwalimu mbele ya skrini. Maji hakuna. Jina lilitoka kwa wanafunzi wa mwanzo kabisa, waliosema kwamba ukilala pale na kofia ikaamka, unajisikia unashushwa kwa kamba mahali penye giza na ubaridi, halafu chini kuna mwanga. Kofia ya mgonjwa husoma jinsi ubongo wake unavyoijenga kumbukumbu. Ya mwanafunzi humjengea kumbukumbu ileile kichwani mwake, na joto lake, na harufu yake, hata kiatu kilichokuwa kikimbana mgonjwa siku hiyo.

Mgonjwa wake wa kwanza aliingia akiwa amejifunga kitenge cha kijani na sweta la kiume. Kwenye faili aliitwa Agneta Kikoti, mwonja chai wa kiwanda kimoja cha Mufindi. Mitaani na kazini, tangu alipojifungua, aliitwa Mama Lusungu, na Lusungu mwenyewe, binti aliyekwisha kuanza kazi, alikuwa ameshafariki, homa ya siku chache ilimchukua kabla ya Pasaka. Tangu siku ya msiba ulimi wa mama ulikufa ganzi. Chai, chumvi, ndimu, vyote vilikuwa maji ya vuguvugu. Mashine za kuonja chai zipo, tena nyingi, lakini wanunuzi wa chai ya bei kubwa bado wanataka ulimi wa mtu, na ulimi huo hupimwa kila mwaka. Kipimo chake kilikuwa Jumatatu. Akishindwa, angekabidhi kijiko chake na kurudi nyumbani, na kazi nyingine hakuwahi kuijua.

"Kamwene, mama," Skolastika alimsalimia kwa Kihehe cha kubahatisha.

"Kamwene." Mama Lusungu alikaa kitandani bila kumtazama. "Wewe ndiye utakayeingia?"

"Ndiyo, mama. Naitwa Skolastika Luambano."

Macho ya mama yaliinuka taratibu. "Luambano wa wapi?"

"Songea."

"Mngoni." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza siku nyingi. "Yaani chuo kizima hiki, na mashine zake zote, wamekosa mtu, wakaniletea Mngoni aingie kichwani mwangu. Humo ndani hatasalia hata panya."

Skolastika alisikia kicheko kikimpanda. Alijua anatakiwa kuwa na uso wa kazi, lakini bibi yake angefufuka kaburini kama angeuacha utani huo uanguke chini. "Panya tunakula wa shambani, mama, waliolishwa vizuri. Mimi nimeambiwa nikija kwa Wahehe nimfungie mbwa wangu ndani."

Mama Lusungu alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kifupi, kilichomshtua mwenyewe, na alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Kwenye kiti chake, Dkt. Elinipa Mrutu aliandika jambo kwenye skrini. Alikuwa mwanamke mwembamba, Mpare wa Usangi, mwenye sifa ya kutopoteza hata dakika. Fomu za kisima zilimtaka mwanafunzi aseme kama yeye na mgonjwa ni ndugu, ni wapenzi, ni mtu na bosi wake, au kama kuna anayemdai mwenzake. Utani wa makabila, kama ule wa Wangoni na Wahehe, haukuulizwa. Fomu zilikuja pamoja na mashine, na mashine ilitengenezwa na watu wasiokuwa na watani.

* * *

Sheria ya kwanza ya kisima ni hodi. Hii waliiongeza wenyewe, watu wa hapa, baada ya wanafunzi wa mwanzo kuzama ovyo na kutoka na aibu za watu. Kila kumbukumbu ina kizingiti chake, na mwanafunzi anakisikia. Anasimama, anabisha kwa mdomo wake, na mgonjwa, ambaye yuko katikati ya usingizi na kuwa macho, anajibu karibu. Asipojibu, unarudi ulikotoka.

Walikuwa wamekubaliana wataanza na jambo jepesi: siku ya kwanza ya Mama Lusungu katika chumba cha kuonjea. Skolastika alilala. Kofia ikaamka. Kamba ikashuka, kweli ikashuka, tumbo likabaki juu na yeye akaenda chini, mpaka akasimama mbele ya kitu alichokijua kuwa ni mlango ingawa hakikuwa na ubao wala bawaba.

"Hodi," alisema.

Kutoka kitanda cha pili ilikuja sauti nzito ya usingizi, yenye ule mcheko uliobaki. "Tangu lini Mngoni akapiga hodi kwa Mhehe? Ingia. Ingia mpaka jikoni."

Na milango yote ikafunguka.

"Skolastika." Sauti ya Dkt. Mrutu masikioni mwake ilikuwa imepungua nguvu. "Usitikisike. Skrini yangu yote imewaka. Sijawahi kuona mtu akifunguka hivi."

Skolastika alikuwa amesimama ndani ya chai.

Hakuna namna nyingine ya kulisema. Miaka yote ya yule mama ilikuwa mle, na kila siku ilikuwa na ladha yake. Kulikuwa na chai ya bonde lenye ukungu, iliyochumwa kabla jua halijaikausha, nyepesi na yenye kitu cha maua nyuma ya ulimi. Kulikuwa na chai ya kiangazi, kali, inayokamata mashavu kwa ndani. Alionja mvua iliyochelewa. Alionja udongo mwekundu wa shamba la juu na udongo mweusi wa shamba la chini, na akajua tofauti yake kama anavyojua sauti ya mama yake na ya shangazi yake, yeye ambaye maisha yake yote alikunywa majani yoyote yaliyokuwepo, na sukari vijiko vitatu. Ladha hizo zilikuwa maelfu, zimejipanga mpaka zinapotea machoni, na hakuna iliyofanana na nyingine. Mtu huyu alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi asubuhi ile, sweta limetoboka kiwiko, na watu wamempita wakitafuta pa kuweka mikoba yao. Skolastika alijawa na heshima. Alitaka kupiga magoti na hakuwa na magoti.

Ndiyo maana wale walitoka wakilia, akawaza. Kila mtu ana hivi. Kila mtu anayepita njiani.

Angesimama pale mpaka kofia ipoe. Lakini alikuwa ameambiwa aingie mpaka jikoni, na miguu yake ya Kingoni ilikuwa imeshasikia.

* * *

Jikoni kulikuwa na jua la mchana. Lusungu alikuwa amesimama mbele ya jiko la mkaa, msichana mrefu mwenye mwanya wa meno kama wa mama yake, aproni ameivaa kinyumenyume. Alikuwa amechuma majani kwenye ua wa nyumbani, akayasugua kwa viganja, akayakausha kwenye kikaango. Chai yake mwenyewe, ya kwanza maishani. Aliimimina kwenye kikombe cheupe, kile cha kazi, na kumsogezea mama yake kijiko kwa mikono miwili.

"Usinionee huruma," alisema. "Ionje kama ya watu."

Mama Lusungu akaionja kama ya watu. Skolastika, aliyekuwa ndani ya kinywa hicho, aliivuta chai kwa kishindo kama waonjaji wanavyoivuta, ikatawanyika kinywa kizima. Ilikuwa imeungua vibaya. Kisha mama akageukia sinki na kutema, maana mwonjaji hutema, hajui namna nyingine, na kama angekuwa anameza angekuwa amezama zamani.

"Imeungua. Ina moshi. Haiuziki."

"Haya, mheshimiwa mkaguzi," Lusungu akasema akicheka, na akaimwaga iliyobaki, akasuuza birika. Jioni ile alipanda gari kurudi kazini kwake Makambako. Mama yake hakumwona tena akiwa hai.

Hapo ndipo ulimi ulipojifunga. Skolastika aliliona fundo lenyewe: ladha zote zile nje, bahari nzima ya chai, zilikuwa zimeshikwa na kikombe kimoja kama mlango ulioshikwa na kigogo.

Na aliona jambo lingine, dogo sana, ambalo asingeliona kama asingekuwa ndani ya koo lile.

"Nimelipata," Dkt. Mrutu alisema. Sasa alikuwa anaongea haraka. "Umeligundua na wewe? Ni kumbukumbu moja tu. Imefunguka, kwa hiyo imelainika. Unakumbuka nilichowafundisha?"

Alikuwa anakumbuka. Kumbukumbu si picha iliyotundikwa ukutani. Kila mtu anapoiita, ubongo huijenga upya, na kwa muda mfupi huwa mbichi kama udongo wa mfinyanzi. Ukiigusa wakati huo, itakauka na alama ya kidole chako. Ukichelewa, imeshakauka na huigusi tena mpaka iitwe siku nyingine. Mwanafunzi hupewa kitufe mkononi kwa ajili hiyo. Akikibonyeza, kofia hulilegeza fundo, na kumbukumbu hiyo husambaratika kama haikuwahi kuwepo.

"Bonyeza," Dkt. Mrutu alisema. "Kikombe kinaondoka, ulimi unarudi. Jumatatu anafaulu."

"Na Lusungu?" Midomo ya Skolastika ilisogea kwa shida huko juu kitandani. "Hii ndiyo siku ya mwisho aliyomwona."

"Ana siku nyingine nyingi za mtoto wake. Hii inamuua."

"Hajaniruhusu, daktari. Tulikubaliana chumba cha kuonjea."

"Amesaini msaada wowote utakaofaa. Na mlango ameufungua mwenyewe, tumemsikia wote."

"Alikuwa ananitania."

"Ubongo hautanii, Skolastika. Kama asingetaka, usingefunguka. Una dakika chache."

Na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtesa. Yule mama alitaka. Chini kabisa, mahali pasipo adabu wala fomu, alitaka mtu aingie akakiondoe kikombe kile. Skolastika alikihisi kitufe chini ya kidole gumba, laini, cha uvuguvugu. Mtani ana haki zake. Anaweza kuchukua kofia ya marehemu akaivaa, anaweza kumkamata kuku wa wafiwa uani na kuondoka naye, na hakuna wa kumpeleka popote. Bibi yake alifanya hivyo kwenye misiba ya watu na kurudi na kuku kwapani akiimba. Lakini bibi alimkamata kuku mchana kweupe, mwenye kuku akimtazama, akimtukana, akimfukuza kwa mwiko. Hakuwahi kumchukulia mtu kitu amelala. Huyo angekuwa mwizi kama mwizi mwingine, awe Mngoni au asiwe.

Aliondoa kidole gumba kwenye kitufe. Jikoni, Lusungu alikuwa anasuuza birika, na kidogokidogo jua la mchana lilianza kukauka.

* * *

Dkt. Mrutu hakugomba. Alizima skrini, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nimewahi kuiacha nafasi kama hiyo mara moja," alisema, "na yule mgonjwa hakufunguka tena. Basi nimeshakwambia. Nenda kanywe uji."

"Nataka kuongea naye kwanza."

"Kuhusu nini?"

"Nilichokiona."

"Uliingia mahali ambapo hamkukubaliana. Mimi mwenyewe nitasema niliona ruhusa pale, lakini ukienda kumwambia kwa mdomo wako, utakuwa umekiri kosa la kwanza kwenye kanuni, na nitalazimika kuliandika. Hutahitimu mwaka huu." Alivaa miwani. "Mama yako anajua tarehe ya mahafali?"

"Ameshashona nguo."

"Basi fikiri."

Skolastika alifikiri. Alifikiri kwa kadiri ya hatua za kutoka kitanda kimoja hadi cha pili, halafu akavuta kigoda na kuketi. Mama Lusungu alikuwa ameamka, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Mmenifungua?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Haiwezekani?"

"Inawezekana. Nilifika jikoni." Aliona uso wa mama ukijifunga, akaendelea kabla woga haujamshinda. "Sikutakiwa kufika. Ulinitania nikajifanya nimealikwa, na nakuomba radhi. Nimeona chai ya Lusungu. Daktari anaweza kuiondoa. Ukimwambia leo, kesho utarudi tena hapa, na Jumatatu ulimi unao. Ila kile kikombe hutakuwa nacho, na yeye jikoni siku ile hutakuwa naye. Nilikuwa na kitufe mkononi na sikukibonyeza. Si changu, mama."

Mama Lusungu aliiachia ncha ya kitenge. Nje mtu alipita kwa kunyata, akidhani mwanafunzi ameshatoka.

"Unajua kilichonifunga ulimi?" alisema hatimaye. "Mwanangu alinipa kitu chake cha kwanza, kwa mikono miwili. Nikamtema. Ndicho kitu cha mwisho nilichomfanyia. Nilimtema kwenye sinki. Mwondoe tu, binti. Nimechoka kumtema kila siku."

Hapo Skolastika alijua amefika mahali ambapo hakuna mwalimu aliyemfundisha.

"Hukutema yote," alisema.

Mama alimtazama.

"Nilikuwa ndani ya koo lako. Waonjaji mnatema, najua, nimetema chai zako zote leo, hakuna hata tone lililoshuka. Ile ilishuka. Ulitema kwa ajili ya kazi, na nyingine ukaibakiza nyuma ya ulimi, ukageuza uso asikuone, ukameza. Mama, ulimeza. Mwili wako unakumbuka hata kama wewe umesahau."

Dkt. Mrutu, aliyekuwa ameshaanza kuandika, aliacha kalamu.

"Unasema hivyo ili kunipoza," Mama Lusungu alisema kwa sauti ndogo.

"Mngoni akupoze wewe kwa sababu gani?" Skolastika aliisukuma sauti mbele. "Tena nimekasirika. Nimetoka Songea kuja kusoma, siku yangu ya kwanza kisimani, nimeonjeshwa chai mbovu namna ile. Moshi mtupu. Mwanao alichoma majani kama anachoma nyasi za shamba, halafu anasimama pale na aproni kinyumenyume anataka sifa. Huyo mngempeleka kwetu mapema tungemfundisha hata kuchemsha maji."

Akaishia hapo, akiogopa amevuka mpaka. Mama Lusungu alikuwa amefungua mdomo. Mabega yalianza kumtikisika, na Skolastika alidhani ni kilio, kisha akasikia kicheko, kisha vyote viwili vikaja pamoja na havikuweza kutenganishwa.

"Siku ya kumzika," mama alisema alipoipata pumzi, "kampuni ilileta viti, ikaleta maua, ikaleta mtu wa kusema maneno mazuri. Watani hawaitwi siku hizi, wanasema wanaharibu ratiba. Hakuna aliyemsema vibaya mwanangu hata neno moja. Kama vile hakuwa mtu." Alijifuta uso kwa kitenge. "Sema tena ile ya aproni."

Skolastika akaisema tena. Akaongeza na birika. Akaongeza na namna Lusungu alivyokishika kijiko, na mama akamsahihisha, akasema hapana, alikishika hivi, akamwonyesha. Wakaendelea hivyo kwa muda.

Kisha Dkt. Mrutu akasogea, na kwa sauti ambayo Skolastika hakuwahi kuisikia darasani akauliza kama mama angependa apangiwe nafasi ya kesho.

Mama Lusungu aliitazama kofia ya nyuzi pale kwenye mto.

"Jumatatu nitashindwa," alisema. "Nitawarudishia kijiko chao. Hicho kikombe niachieni." Akaketi wima, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama alivyoketi miaka yote mbele ya safu za vikombe vyeupe watu wakisubiri hukumu yake. Aliongea kwa sauti yake ya kazini.

"Imeungua," alisema. "Ina moshi. Haiuziki."

Midomo yake ikasogea kidogo, kama mtu anayetafuta kitu nyuma ya ulimi.

"Nikaimeza."